Ndege Wageni wa Bwawani: Waangalie, Lakini Usiingie Majini



Katika miezi hii ya Machi na Aprili, Kwaresima ikielekea Pasaka, mabwawa yetu ya Dodoma na Singida huwa na maji kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Sisi wa nyanda za kati tunapata mvua za msimu mmoja tu, na sasa zinakaribia kwisha. Malambo yamejaa, Mto Bubu umekwisha kumwaga maji yake katika mbuga ya Bahi, Hombolo na Mtera nako kumefurika. Kandokando ya maji hayo wamejaa ndege, na wengi wao wanajiandaa kuondoka. Wanarudi Ulaya na Siberia, ambako baridi inakwisha na majira ya kuchipua majani yanaanza.

Najua wako watakaouliza: ukurasa wa afya na ndege, wapi na wapi? Jibu ni kwamba bwawa ni mahali pa kujipatia afya na pia mahali pa kujitafutia ugonjwa. Inategemea umesimama wapi, na umeshika nini mkononi.

Kwanza tuwafahamu wageni wenyewe. Si kila ndege wa majini ametoka mbali. Yangeyange, mnandi, mwari na furukombe ni wenyeji wetu, ingawa nao huhama kufuata maji. Heroe, wale wa rangi ya waridi wanaoonekana kwenye maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai pale Singida mjini, nao ni wa hapa hapa Afrika; heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzalia hasa Ziwa Natron. Wageni hasa ni wale wanaotufikia kuanzia mwezi Agosti na Septemba na kuondoka Machi na Aprili. Kuna vitwitwi wa aina nyingi, wenye miguu myembamba na midomo ya kudonoa topeni. Kuna bata wa shingo ndefu na mkia uliochongoka, na bata mwenye mdomo mpana kama koleo. Kuna korongo weupe wenye mdomo na miguu myekundu. Na juu ya maji wanapita mbayuwayu wakikamata wadudu.

Kitwitwi aliye mdogo kuliko wote ana uzito wa gramu 25 hivi, karibu nusu ya yai la kuku. Ndege huyu huzaliwa kaskazini kabisa mwa Siberia na Norwei, mahali ambapo ardhi ya chini haiyeyuki barafu hata wakati wa kiangazi, akaja kula wadudu wa tope la Bahi. Ni safari ya zaidi ya kilometa 8,000, na mwezi huu anaianza tena.

Anaiwezaje? Hapa ndipo mwili wa ndege unapotushangaza sisi tuliosomea miili. Majuma machache kabla ya kuondoka hula karibu bila kupumzika na kujiwekea mafuta chini ya ngozi. Baadhi ya vitwitwi hufikia karibu mara mbili ya uzito wao wa kawaida. Mafuta hayo ndiyo petroli ya safari, na akifika huwa amekonda kabisa. (Mwili wa binadamu nao huweka akiba kwa namna hiyo hiyo. Shida yetu ni kwamba tunaweka akiba ya safari kisha hatusafiri, na matokeo yake tunayaona kliniki ya kisukari.) Ukimkimbiza kitwitwi kwa mawe mwezi wa Machi, kila anaporuka anachoma akiba yake ya njiani, naye hana muda wa kuijaza tena.

Korongo mweupe hutumia mbinu nyingine. Yeye ni mzito, kilo 3 hadi 4, na kupiga mabawa muda wote kungemchosha. Hivyo hungoja jua lipashe ardhi, kisha hupanda juu na hewa ya moto akizunguka bila kupiga mabawa, halafu huteleza mbele hadi kwenye hewa nyingine inayopanda. Juu ya bahari hewa ya namna hiyo ni haba, kwa hiyo huikwepa bahari ya Mediterania na kupita nchi kavu: kutoka huku kwetu hadi Sudani, bonde la Nile, Sinai, nchi ya Israeli, Lebanoni, Uturuki, hadi Ulaya ya mashariki. Nabii Yeremia, katika sura ya 8 aya ya 7, anamtaja korongo anayeyajua majira yake. Alikuwa anawaona wakipita juu ya nchi yake, kama wanavyopita hadi leo.

Watu wa Ulaya wenyewe kwa karne nyingi hawakujua ndege wao huenda wapi wakati wa baridi. Walikuwapo wasomi walioamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya tope la ziwa hadi baridi iishe. Mwaka 1822, huko Klütz nchini Ujerumani, aliuawa korongo aliyekuwa amerudi na mkuki wa Kiafrika wenye urefu wa karibu sentimeta 80 umepenya shingoni. Aliruka nao njia yote. Ndege huyo alikaushwa na bado amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mkuki ule ulisaidia kumaliza ubishi kuliko vitabu vingi.

Mwezi huu pia ndio mzuri wa kuwatazama kwa sababu wanabadilisha mavazi. Waliokuja Septemba wakiwa na rangi ya kijivu isiyovutia, sasa wanaanza kuvaa manyoya ya harusi. Yuko kitwitwi wa mdomo uliopinda kidogo anayegeuka kuwa mwekundu kama matofali ya kuchoma, na yuko buabua mdogo anayekuwa mweusi mwili mzima huku mabawa yakibaki meupe. Ukienda bwawani Jumamosi tatu mfululizo utaona mabadiliko kwa macho yako bila kuhadithiwa.

Namna ya kwenda kutazama

Kutazama ndege ni dawa isiyouzwa duka la dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, na kutembea kwa haraka ni mazoezi ya wastani. Mzee mwenye shinikizo la damu ukimwambia “fanya mazoezi” anacheka, na ana haki, maana amelima miaka 40. Lakini ukimwambia “tembea hadi bwawani ukaniangalizie kama korongo wameondoka”, atakwenda. Kutembea huko hakuchukui nafasi ya vidonge vyake. Aendelee kuvimeza kila siku hata akijisikia mzima. Waliofiwa, na wale wanaouguza mgonjwa wa muda mrefu nyumbani, nao hupata nafuu wakikaa nusu saa mahali penye utulivu ambapo hakuna anayewaomba kitu.

Nenda mapema, kati ya saa 12 na nusu na saa 3 asubuhi. Wakati huo ndege wanakula na jua halijawa kali. Kaa ukilipa jua mgongo, ili mwanga uwaangukie ndege na usikuchome macho. Simama hatua 50 au zaidi kutoka ukingoni, keti, nyamaza. Ukiona ndege wote wameinua vichwa kwa pamoja, umesogea mno. Vaa viatu vilivyofunika miguu, kofia, na beba maji ya kunywa yaliyochemshwa. Mwenye darubini ya macho mawili asiielekeze kamwe kwenye jua, hata kwa sekunde moja, maana jicho huungua kwa ndani bila maumivu na haliponi. Watoto waambiwe hilo kabla hawajaishika. Kule Mtera kuna viboko na mamba. Huko usikae karibu na maji wala kwenye njia ya viboko, na asubuhi na mapema subiri kuwe kumepambazuka sawasawa.

Walezi wa Utoto Mtakatifu wanaweza kuwapeleka watoto, kila mmoja na daftari lake, wahesabu. Mlezi mmoja kwa watoto wasiozidi kumi. Nasema kumi kwa sababu inayofuata.

Kichocho hakina mzaha

Kinachotuletea wagonjwa kutoka mabwawani si ndege. Ni kuwafuata ndege majini. Kijana anatega mtego kwenye majani, ndege ananaswa, kijana anaingia hadi kiunoni kumchukua. Mwingine anatafuta mayai. Mwingine anachunga ng'ombe na jua limekuwa kali, anaoga. Miezi michache baadaye mkojo wake unaisha kwa damu, na kwa kuwa wenzake nao wanakojoa damu, wanadhani ndiyo kukua.

Kichocho kinaenda hivi. Mtu mwenye ugonjwa anakojoa au kujisaidia majini, mayai ya minyoo yanaingia majini na kuanguliwa. Kijidudu kinachotoka kinaingia ndani ya konokono fulani mdogo wa maji. Humo kinazaana kwa wingi, na baada ya wiki kadhaa konokono anaanza kutoa vijidudu vingine, maelfu kwa maelfu, vinavyoogelea vikitafuta ngozi ya binadamu. Vikiipata, vinapenya kwa dakika chache tu. Hakuna kidonda, hakuna jeraha. Wengine huwashwa kidogo, wengine hawahisi chochote. Vinakwenda kukua na kuwa minyoo kwenye mishipa ya damu, karibu na kibofu au utumbo.

Konokono wa kichocho cha mkojo hutoa vijidudu vingi zaidi jua likiwa kali, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Ndiyo saa za kuoga za wachungaji wetu. Asubuhi na mapema ni vichache, lakini vichache si sifuri, kwa hiyo viatu na nchi kavu ni pale pale.

Watu huniuliza: lambo letu limechimbwa juzi, tena lilikauka kabisa mwaka jana, konokono ametoka wapi? Yafaa kujua kwamba baadhi ya konokono hawa hawafi bwawa likikauka. Hujichimbia kwenye tope na kulala humo miezi mingi, mvua ikija wanaamka. Tena, wako wanaoletwa. Mwanasayansi wa Uingereza Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya viumbe, alieleza jinsi alivyoning'iniza miguu ya bata ndani ya chombo cha maji yenye konokono wachanga. Walipanda miguuni na kung'ang'ania, na nje ya maji waliweza kuishi saa nyingi, muda wa kutosha kwa bata kuruka hadi bwawa jingine. Hivyo ndege anaweza kumleta konokono. Lakini kichocho cha binadamu anakileta binadamu mwenyewe, anapojisaidia majini. Kuwafukuza bata hakutasaidia. Kujenga choo na kukitumia kutasaidia.

Bata nao wana kichocho chao. Minyoo yao hupitia konokono kama yetu, na vijidudu vyao vikikutana na ngozi ya mtu hujaribu kuingia, vikashindwa na kufia humo. Mtu hupata vipele vinavyowasha siku chache. Hivyo si hatari kubwa, ila ni ishara kwamba umeingia majini, na kama vya bata vimekupata, vya binadamu vinaweza vilikuwamo.

Dalili za kuleta kituoni ni damu katika mkojo, maumivu wakati wa kukojoa, maumivu ya chini ya tumbo, damu kwenye choo kikubwa, au uchovu usioisha kwa mtoto. Kwa akina mama kichocho kinaweza kuathiri sehemu za uzazi, kikaleta uchafu, damu na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Wako wanawake wanaotuhumiwa ugonjwa wa zinaa, na ndoa zikaingia matatani, kumbe ni maji ya lambo waliyochota tangu utotoni. Waume, kabla ya kutoa hukumu, nendeni mkapimwe wote.

Ukija kupima kichocho cha mkojo, leta mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa sababu mayai hutoka zaidi saa hizo, na hakikisha matone ya mwisho yamo kwenye chupa. Mkojo wa alfajiri unaweza kutudanganya. Dawa ni prazikwanteli, hutolewa kwa kadiri ya uzito au urefu, na humezwa baada ya kula. Bila chakula wengi hupata kizunguzungu na kichefuchefu. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa, si michanga. Kwa hiyo aliyeingia majini jana asikimbilie vidonge leo. Apimwe baada ya wiki nane hivi, au mapema zaidi akipata homa na kikohozi. Wala dawa haimkingi mtu. Akirudi majini ataupata tena.

Ndege aliyekufa si kitoweo

Hili nalo ni zito. Ukikuta ndege wamekufa kando ya maji, wawili, kumi, mia, usiwaokote. Sababu ya kwanza ni sumu. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, watafiti waliofuatilia kuanzia mwaka 2009 walikuta watu wakiua ndege wa majini kwa dawa ya wadudu iitwayo karbofurani. Waliiweka ndani ya konokono, korongo na ndege wengine wakala na kuanguka, kisha nyama yao ikauzwa kwa watu. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vitwitwi waliotoka Ulaya na Siberia. Huku kwetu tunao kwelea kwelea, wanaolala kwa mamilioni kwenye mapori na matete na kumaliza uwele na mtama. Serikali huwapulizia dawa ya sumu kwa ndege. Wakulima wana haki ya kulinda chakula chao, na Kondoa wako wanaowatega kwelea kwa nyavu na kuwala salama. Ila aliyeuawa kwa dawa haliwi, wala mwari au korongo aliyemla huyo.

Sumu za namna hii hushika mishipa ya fahamu. Mtu hutokwa na mate na machozi, hutoka jasho, hutapika na kuhara, mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli hutetemeka, na mwishowe pumzi hukatika. Kupika hakutoshi kuondoa sumu. Mgonjwa wa namna hiyo mvue nguo zilizopata dawa, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, wewe mwenyewe ukivaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, mlaze kwa ubavu, na mkimbize hospitali. Usimpe maziwa, usimtapishe. Njoo na chupa au pakiti ya dawa kama ipo. Dawa ya kuzimua tunayo hospitali, na ikiwahi huokoa.

Sababu ya pili ni mafua makali ya ndege. Januari 2017 nchini Uganda, buabua walikufa kwa wingi katika ghuba ya Lutembe, Ziwa Victoria, karibu na Entebbe, na kirusi aina ya H5N8 kikathibitishwa. Bata na kuku wa kufugwa nao walikumbwa. Aina nyingine, H5N1, humpata binadamu mara chache, lakini ikimpata ni kali: tangu mwaka 2003 karibu nusu ya wagonjwa waliothibitishwa duniani walifariki, na wengi wao walikuwa wameshika kuku wagonjwa. Hivyo ukiona ndege wa porini wamekufa kwa wingi, au kuku wanakufa ghafla, usichinje wala kupeleka sokoni. Mwarifu afisa mifugo wa kata. Mara nyingi atakuta ni kideri, ambacho kina chanjo ya matone ya jichoni, lakini mwache apime yeye. Bata na kuku wako wape maji ndani ya chombo nyumbani, wasiende kuchanganyika na wa porini.

Kumtazama ndege mzima kwa mbali hakuambukizi mafua. Wala homa ya Bonde la Ufa, iliyoupiga vibaya mkoa wetu mapema mwaka 2007, haikuletwa na ndege. Ile huanzia kwa mbu ambao mayai yao huweza kukaa kwenye udongo mkavu wa mbuga kwa miaka, mafuriko yakija huanguliwa, wakauma mifugo. Kisha binadamu huipata kwa kuumwa na mbu, au kwa kuchinja mnyama mgonjwa na kugusa damu yake. Aliyekwenda bwawani jioni ajipake mafuta ya kufukuza mbu na alale ndani ya chandarua. Akipata homa asijinunulie tu vidonge vya malaria dukani, apimwe kwanza.

Kwa wanaotaka kuanza mwaka huu, muda bado upo. Bata wa kigeni na korongo huondoka mapema, na kufikia katikati ya Aprili wengi wamekwenda. Vitwitwi huchelewa zaidi. Wachache huonekana hata Mei, na wachanga ambao hawajafikia umri wa kuzaa wengine hubaki huku huku mwaka mzima. Andika tarehe ya mwisho uliyowaona na idadi yao. Mwishoni mwa Agosti, bwawa likiwa limebaki tope katikati, wa kwanza watakuwa wanarudi, na hapo daftari lako litakuwa na cha kulinganisha.